Milango Chini ya Masale

Asubuhi ile zamu ya maji haikuwa ya Nakijwa, na bado shamba lake lilikuwa linakunywa.

Aliligundua jambo hilo akiwa amechuchumaa kwenye tuta la tatu, kikombe cha uji mkono mmoja, mkono wa pili ukifuta umande kwenye kioo cha sikio. Sikio lilikuwa fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, na kioo chake, kipana kama kiganja, kilionyesha yanayotendeka huko chini. Kijani kikipanda, tangawizi inashiba. Njano ikiingia, ina kiu. Tangu jua lichomoze kijani kilikuwa kinapanda tuta kwa tuta, kikianzia bondeni kuja juu, ilhali lango la mfereji wake lilikuwa limezibwa kwa jiwe na udongo tangu juzi.

"Wewe nawe umeanza uzee," aliliambia sikio, akaligonga kwa kidole.

Halikuwa na uzee wowote. Ng'ambo ya mpaka, upande wa chini, Mzee Elinihaki alikuwa anaongoza maji kwa jembe huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Leo ilikuwa zamu yake. Ndiva, bwawa la mababu lililo juu ya kijiji cha Isheghe, lilijaa usiku na kufunguliwa alfajiri, na kila kaya ilikuwa na siku yake. Katika milima ya Upare mtu anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini ukimwibia zamu ya maji utasemwa mpaka na wajukuu. Nakijwa hakuwahi kuiba zamu ya mtu. Alikuwa na kiburi kidogo kuhusu hilo, tuseme ukweli.

Alibonyeza kioo mara mbili. Ikaja ramani ya mtiririko, ile ambayo wakulima wengi hawaifungui kwa sababu inachosha macho. Mistari myeupe ilitoka shambani kwa Mzee Elinihaki, ikavuka mpaka katika sehemu kumi na moja, ikapanda mlima kuja kwake. Maji hayapandi mlima yenyewe. Aliinua macho kuutazama mpaka, ile safu ya masale yenye majani marefu iliyopandwa na babu wa babu wa marehemu mumewe, akayahesabu masale ingawa idadi yake aliijua tangu alipoolewa.

Yalikuwa kumi na moja. Uji ulimwagikia miguu yake na hata hakuuhisi.

*

Tuelewane kuhusu utando, maana wauzaji wa mjini wameupaka maneno mengi. Si dawa wala mbolea. Ni uyoga usiochomoza juu, uliozalishwa maabara, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hushika mizizi ya shamba zima na kuifanya iwe kama watu wanaokula sinia moja. Penye rutuba huchota, penye upungufu hupeleka. Mmea hupata maji na chakula, utando hupata sukari ya mmea, na mkulima hana cha kununua dukani wala cha kunyunyiza.

Lakini hicho sicho kilichoufanya utafutwe duniani kote. Utando haudanganyiki. Sumu ikiugusa, hata tone, hufa na kuacha alama isiyofutika kwa miaka kumi. Tangu tambarare ya huko chini igeuke chumvi tupu, na watu wake waanze kununua hata maji ya kunawia, wanunuzi wakubwa waliacha kuamini karatasi na viapo. Waliamini udongo wenyewe ukisema. Shamba lenye muhuri wa udongo hai liliuza mazao yake mpaka ng'ambo ya bahari. Lisilo nao lilijilisha, likibahatika.

Katika kitongoji cha Nakijwa kaya tisa zilikuwa zimekwisha kushuka mjini. Yeye alibaki na ekari moja na nusu ya matuta aliyoyajenga upya baada ya kumzika mumewe. Alikuwa na mbuzi sita, lundo la mboji lililofuka moshi asubuhi za baridi, kunde katikati ya mistari ya tangawizi, matandazo ya nyasi juu ya kila shina, na pipa la mkojo wa ng'ombe uliovundikwa ambao wadudu waliukimbia na wageni pia. Shamba lilimsomesha Sifuni, binti yake, mpaka chuo. Lilikuwa dogo na lilijitosheleza, na mwenye nalo alilala bila mawazo.

Sharti lilikuwa moja tu. Fundi aliyekuja kuupandikiza utando miaka mitano nyuma alimwambia azungushie shamba handaki la kina cha mkono mzima, alijaze chokaa na majivu, ili nyuzi zisivuke kwa jirani. "Lisikatike, mama. Hata unyayo mmoja." Nakijwa alilichimba mwenyewe kwa wiki mbili. Pande tatu hakukatisha. Upande wa nne ulikuwa na masale, na shina la isale halichimbwi. Isale ni mpaka, tena ni neno la amani; anayelichimba anasema kwa jembe kwamba jirani yake ni mwizi. Basi kila alipolifikia isale aliruka, akaacha unyayo huku na unyayo huku, akaendelea mbele. Mzee Elinihaki aliyekuwa akimtazama alifurahi kwa adabu ile mpaka akampelekea mkungu wa ndizi.

Kwa adabu ileile alikuwa amefungua milango kumi na moja.

*

Siku hiyohiyo alasiri alipiga magoti kando ya isale la kwanza akiwa na kisu cha jikoni. Alichimbua kidogo tu, upande wake, asiguse shina. Nyuzi zilikuwepo, nyeupe, zimesukwa nene kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuwahi kuona utando mnene namna ile. Hata katikati ya shamba lake haukuwa hivyo.

"Mama Sifuni, unamtafuta nani huko chini?"

Alishtuka nusura ajikate. Mzee Elinihaki alikuwa amesimama upande wake, mikono juu ya mpini wa jembe, anatabasamu.

"Shikamoo, baba Upendo. Naangalia mchwa."

"Marahaba. Mchwa hawaji hapa, mwanangu. Wangekula nini?" Alicheka peke yake, kisha akageuka kulitazama shamba lake. Tangawizi zake zilisimama mojamoja, majani ya rangi ya karatasi iliyokaa juani. "Nilitaka nikuone kwa jambo. Upendo ametuita mjini. Anasema yatosha, tushuke tukae naye. Mama yake kiuno kile hakitapona kwenye miteremko hii, na mimi udongo umenikataa. Nimekubali."

"Mnashuka lini?"

"Baada ya mkaguzi wako wa muhuri kupita. Lazima niwepo niwe shahidi wako wa mpaka, siwezi kukuacha njiani." Akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Shamba nataka ulichukue wewe. Sitaki nikuuzie kama mgeni; utatoa unachoweza. Wengine wanalitaka, lakini hawana heshima. Wewe masale yangu hukuyagusa."

Nakijwa alifunika kile kishimo kwa kiganja. Alisema asante. Aliisikia asante ile ikitoka mdomoni mwake, akatamani kuirudisha.

Jioni alimpelekea mke wa mzee, Nambike, mchuzi wa kuku, maana miguu ilikuwa inamsukuma kwenda na akili inamkataza. Nambike alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa. Masika iliyopita alianguka kwenye njia ya mazizi. Mazizi ya Isheghe yako bondeni karibu na mto, kwa sababu matuta ni haba na ng'ombe hapewi tuta, na samadi hupandishwa kichwani kwa njia nyembamba inayoteleza. Nakijwa alikuwa na mkokoteni wa umeme wa kuzungukia barabarani. Nambike alikuwa na tenga.

"Matenga mia na arobaini kwa misimu miwili," alisema Nambike, akikoroga mchuzi bila kuunywa. "Nilisema labda udongo una njaa, tuulishe. Niliulisha. Umewahi kuona udongo unakula hivyo na haushibi, Mama Sifuni? Nilidhani nimekosea kitu. Mpaka leo nawaza nilikosea wapi."

"Hukukosea, mama," Nakijwa alisema.

"Sasa samadi ilikwenda wapi?"

Nakijwa alijibu kwamba giza linaingia, mbuzi wake hawajafungiwa.

*

Wiki tatu ni siku nyingi kwa mtu anayenyamaza.

Sheria ya utando aliijua, kila aliyekuwa na muhuri alisomewa. Utando ukivuka mpaka na kula kwa jirani, aliyeliwa ndiye anayeamua hatima yake. Na karibu kila aliyeliwa alichagua mvuke. Nakijwa aliwahi kuliona shamba lililopigwa mvuke, kijiji cha pili. Waliingiza mabomba ardhini wakachemsha udongo siku mbili mpaka kina cha mkono. Baada ya hapo ardhi ilikuwa na rangi ya mkate ulioungua na harufu ya chungu kikavu. Mwenye shamba sasa anauza vocha stendi.

Lakini mpaka ukifutika, hakuna aliyevuka. Mzee akishamkabidhi shamba, yote yatakuwa yake, na utando utakuwa umekula kwake mwenyewe. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kunyamaza.

Tena alipata sababu nyingine, nzuri zaidi, akaikumbatia. Kumwambia mzee ni kumwambia kwamba mkewe alivunjika kiuno akibeba chakula cha tangawizi za jirani. Faida yake nini? Waache washuke na amani yao. Sababu hii aliipenda kwa kuwa ilifanana na huruma. Aliitembeza kichwani asubuhi na jioni, akiwakama mbuzi, akigeuza mboji, na kila mara ilimshinda mahali pamoja. Nambike alikuwa anakaa pale mlangoni akijiuliza alikosea wapi.

Mara moja alishika jembe aende akazibe milango ile. Alifika mpaka kwenye isale la kwanza, akasimama na jembe begani. Kuchimba mashina ya masale mchana kweupe kungeleta kijiji kizima, na hata angeziba, kilichokwisha kuliwa hakitapikwi. Alirudi akalisukuma jembe nyuma ya mlango kama limemkosea.

Tangawizi zake, wakati huo wote, zilinenepa.

*

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki ya umeme isiyopiga kelele, ikamtisha jogoo. Alikuwa msichana mrefu kutoka Bukoba, jina lake Adventina Kaijage, mwenye viatu vya mpira na adabu za kufundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chai kwanza au kazi kwanza?"

"Kazi, mama. Nikinywa chai kwako kabla ya kupima, wataniuliza ilikuwa na sukari ngapi."

Mzee Elinihaki alicheka sana. Alikuwa amevaa koti lake la ibada na amenyoa ndevu kwa ajili ya ushahidi huu. Nakijwa hakuweza kumtazama usoni.

Adventina alichomeka vigingi vyake vinne kwenye pembe za shamba, kisha akapita tuta kwa tuta na kipimo mkononi. Alichomeka, akasubiri mlio, akachomoa. Alinusa mboji. Alichungulia pipa la mkojo, akarudi nyuma haraka. Alifunua matandazo akaona minyoo, akatabasamu. Kipimo chake kilisoma yaliyo ndani ya vigingi tu, sheria ndivyo ilivyokitengeneza, na ndani ya vigingi hapakuwa na dosari. Nakijwa alimfuata nyuma. Kila mlio ulipolia vizuri, aliinamisha uso zaidi.

"Mama, nimekagua mashamba arobaini mwaka huu," Adventina alisema walipofika kwenye masale. "Sijaona udongo unaopumua hivi. Nikirudi nitaomba walete wanafunzi. Umeulisha nini?"

"Samadi," alisema Nakijwa. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma.

"Limebaki la shahidi tu." Adventina akamgeukia Mzee Elinihaki, akashika kibao cha kioo mbele yake. "Mzee, sheria inanitaka nikuulize wewe jirani wa mpaka. Utando wa mama huyu umewahi kukudhuru, wewe au shamba lako?"

"Huyu?" Mzee alimnyooshea Nakijwa kidole kama baba anayemsifu binti yake kwa wageni. "Huyu hata jani langu hajawahi kulikata. Ungekuwa na majirani wawili kama huyu, mwanangu, ungelala mlango wazi. Weka hapo, hapana. Naweka dole wapi?"

"Hapa chini."

Mzee alipangusa dole gumba kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa makini, kama mtu anayejiandaa kula na mchungaji.

Nakijwa hakupanga. Ukimuuliza hata leo atakuambia hakupanga. Miguu ndiyo iliyotangulia. Alikwenda kwenye isale la karibu, akavunja jani refu kwa mkono, likalia tak. Akalipiga fundo katikati. Akarudi nalo, akalishika kwa mikono miwili mbele ya Mzee Elinihaki, akapiga goti.

Dole la mzee lilisimama hewani. Adventina aliwatazama mmoja mmoja bila kuelewa, lakini mzee alielewa. Upareni jani la isale lenye fundo linasema nimekukosea, nisikilize kabla hujanihukumu. Yeye mwenyewe alikuwa amelishika mara mbili tu katika miaka sitini na nane.

"Mama Sifuni. Kuna nini?"

"Usiweke dole, baba."

Alimwambia yote pale pale, goti likiwa kwenye udongo. Handaki. Unyayo huku na unyayo huku. Milango kumi na moja, na maji yaliyopanda mlima siku ambayo haikuwa zamu yake. Sauti ilimtoka kavu na ya haraka, kwa sababu alijua akisimama kidogo hataendelea. Aliposema neno samadi alisita, akalirudia.

Adventina alikuwa amekishusha kibao. "Mama," alisema taratibu, "ninayoyasikia siwezi kujifanya sikuyasikia."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nasema ukiwepo."

Mzee Elinihaki alitazama tangawizi za Nakijwa, nene, nyeusi kwa ukijani. Akageuka akatazama zake. Aliangalia hivyo kwa muda, huku na huku.

"Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Siku ile ya mchwa."

"Siku ile."

"Hapakuwa na mchwa."

"Hapakuwa, baba."

Alitikisa kichwa. Hasira ilimpanda, ilionekana shingoni, na Nakijwa aliisubiri kwa kiu, maana angalau hasira ingekuwa na mwisho. Lakini mzee hakupiga kelele. Alivua koti la ibada, akalikunja, akaliweka begani, na Nakijwa aliumia zaidi kuliko kama angetukanwa.

"Niwaeleze sheria," alisema Adventina. Alisimama wima, akasema kama anayesoma, ili sauti isimsaliti. "Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mvuke. Shamba lote la mama, na pale utando ulipovuka. Utando unakufa, mzee analipwa hasara, mama anaanza upya kwa udongo mtupu. Ya pili, mashamba mawili yaandikwe kuwa moja, utando uwe wa nyumba zote mbili. Muhuri unaondolewa leo, na hautarudi mpaka misimu mitatu ipite bila dosari. Anayechagua si mimi, wala si mama. Ni aliyeliwa."

Wote wawili walimtazama mzee. Nakijwa bado alikuwa amelinyoosha jani.

"Hilo jani si langu kulipokea," alisema Mzee Elinihaki. "Mimi niliongoza maji tu. Aliyebeba yupo nyumbani. Inuka twende."

*

Nambike alikuwa anachambua maharage mlangoni. Aliwaona wanakuja watatu, mumewe na koti begani, msichana mgeni, na Nakijwa nyuma na jani la isale mikononi, akaweka ungo chini kabla hawajafika. Hakuuliza. Nakijwa akapiga goti mara ya pili siku ile, akaeleza tena, na mara hii hakuwa na haraka kwa sababu Nambike alikuwa anamsikiliza kila neno.

Alipomaliza, kuku alipita katikati yao akidonoa maharage mabovu.

"Kwa hiyo sikukosea," Nambike alisema mwishowe.

"Hukukosea, mama."

"Na siku ile ya mchuzi ulijua."

"Nilijua."

"Nikakuuliza ilikwenda wapi, ukaniambia habari za mbuzi." Machozi yalimtoka, lakini sauti haikuyumba. "Mwaka mzima nimelala nikijilaumu. Kiuno kinaniuma, sawa, viuno vinauma. Lakini kichwa hiki, Mama Sifuni. Nilikiambia kila siku kwamba nimekuwa mzembe, uzee umeniingia mikononi. Ulikuwa na wiki tatu za kunitua mzigo huo, ukakaa nao ukinywa chai."

Nakijwa alilia akiwa pale chini, bila kujifunika.

"Nipelekeni nikaone," Nambike alisema.

Walimpeleka taratibu, mumewe upande mmoja na Adventina upande wa pili, mpaka kwenye tuta la tatu, kando ya sikio. Nambike aliomba ashushwe. Aliondoa matandazo kwa kiganja, akaingiza vidole kwenye udongo mweusi, akang'oa tunguu moja la tangawizi, pana kuliko mkono wake. Akalivunja, akalinusa. Alikaa na harufu ile muda mrefu, macho amefumba.

"Nzuri," alisema. Kisha akasema, "Hii ni yangu."

"Ndiyo, mama," alisema Nakijwa.

Adventina alichuchumaa mbele yake. "Bibi, wewe ndiye unayeamua. Mvuke, au nyumba mbili?"

"Mvuke unafanya nini?"

"Unakiua chote kilicho humo."

Nambike aligeuza tunguu mkononi. Alimtazama mumewe, na mumewe akainua mabega. Jambo hili alikuwa amemwachia. Nakijwa alisimama kando, amekumbatia viwiko vyake. Miaka yake mitano ilikuwa pale chini, na hakuona haki yoyote ya kuiombea. Aliona hivyo kweli, na bado aliitaka.

"Miaka miwili nimelisha mnyama bila kujua kwamba nina mnyama," Nambike alisema. "Leo ndiyo naonyeshwa, amenona, na mnaniambia nimchinje? Hapana. Andika nyumba mbili. Baba Upendo, mpigie binti yako simu, mwambie chumba ampe mtu mwingine."

Mzee Elinihaki alivaa koti lake tena, ingawa jua lilikuwa kali.

Adventina aliandika. Kazi ya mwisho aliifanya bila kusema: alikwenda kwenye nguzo ya lango la Nakijwa, akafungua skrubu nne, akakiondoa kibati cha muhuri chenye picha ya mche. Kiliacha doa jeupe kwenye mbao. Tangawizi ile nene, bora kuliko zote alizowahi kupanda, sasa ingeshuka soko la Same kuuzwa kwenye mafungu pamoja na za watu wote. Nakijwa alilitazama lile doa, akahesabu misimu mitatu kichwani, akaona itakuwa migumu sana. Sifuni angemuuliza kwa nini. Ingebidi amweleze na yeye.

"Jani lako," Nambike alisema nyuma yake.

Nakijwa aligeuka haraka, akalileta. Nambike hakulipokea bado.

"Matenga yangu mia na arobaini nayataka. Shambani kwetu, tuta kwa tuta, kama nilivyoyaweka mimi."

"Utayapata, mama. Kesho nitaleta mkokoteni, kwa wiki moja nita..."

"Nimesema mkokoteni?"

Nakijwa alitikisa kichwa.

"Mkokoteni haujui njia ile," Nambike alisema. "Baba Upendo, niletee ngata yangu. Iko kwenye msumari, nyuma ya mlango."

Mzee alikwenda, akarudi nayo: duara la majani makavu ya mgomba, limekazwa kwa kamba, limeng'aa kwa jasho la miaka na kushika umbo la kichwa kimoja tu. Nambike aliipokea kwa mkono wa kulia, akaipangusa vumbi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akalichukua jani la isale, akalilaza mapajani. Ngata akampa Nakijwa.

Nakijwa aliiweka kichwani. Ilimbana utosini.

"Inanibana, mama."

"Hata mimi ilinibana."

Aliteremka mpaka mazizini. Alijaza tenga kwa mikono, samadi ya mbuzi wake mwenyewe, nzito na yenye unyevu, akajitwika, shingo ikatitia. Njia ilikuwa na mawe yaliyolegea na miinuko mitatu ambayo kwa miaka yote ile aliizunguka kwa barabara. Kwenye mwinuko wa pili aliteleza, akashika mzizi, akasimama akihema. Alifika shambani kwa Mzee Elinihaki maji ya samadi yakimchuruzika shingoni, akamwaga kwenye tuta la kwanza, akavinyoosha vidole vilivyokakamaa.

Ng'ambo ya masale, Nambike alikuwa amezipa mgongo tangawizi zote nzuri, amekaa uso ukielekea njia.

"Moja," alisema.